Profesa Aliyewatuma Watoto wa Shule Kuichora Nchi

Ukimwuliza mzee wa kijiji ni mashamba gani yanayolimwa kijijini kwake na ni yapi yaliyoachwa kuwa malisho, atakuonyesha kwa kidole moja moja. Lakini ni nani awezaye kuonyesha hivyo kwa nchi nzima? Katika mwaka wa 1930 hata Uingereza hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Tangu mwaka wa 1866 Serikali ya huko ilikuwa ikikusanya hesabu ya ekari kila mwaka, ila hesabu hizo hazikuonyesha ni shamba lipi lililolimwa na ni lipi lililolala. Aliyeishika kazi ya kuliziba pengo hilo alikuwa mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha London, jina lake Laurence Dudley Stamp.

Bwana Stamp alizaliwa London tarehe 9 Machi, 1898. Utotoni aliuguaugua, hata miaka yake ya shule ikawa michache. Lakini ilipofika mwaka wa 1917 alikuwa amekwisha kupata digrii ya daraja la kwanza. Baada ya kutumika jeshini huko Ufaransa na Ubelgiji, alikwenda Burma mwaka wa 1921 kutafuta mafuta ya petroli, kwa kuwa elimu yake ya kwanza ilikuwa ya mawe na miamba. Wazee waliokuwa askari wa K.A.R. waliijua vizuri nchi hiyo, maana walipigana huko katika mwaka wa 1944. Mwaka wa 1923, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Rangoon. Mwaka wa 1926 akarudi London kufundisha.

Siku hizo bei ya nafaka ilikuwa chini sana, na wakulima wengi wa Uingereza waliacha kulima, mashamba yao yakageuka majani. Kando ya miji, nyumba mpya zilikuwa zikiimeza ardhi nzuri ya mboga na matunda. Kila mtu alilalamika, lakini hapakuwa na aliyeweza kuonyesha ni mahali gani hasa. Kuwaajiri wapimaji kwa kazi kubwa hivyo kungalihitaji fedha nyingi mno. Basi Bwana Stamp aliwageukia walimu na watoto wa shule. Wazo hilo halikuwa lake peke yake, kwani shule za jimbo la Northamptonshire zilikuwa zimekwisha kulijaribu. Lakini yeye ndiye aliyethubutu kulieneza katika Uingereza yote, pamoja na Wales na Scotland.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Shule ilipewa karatasi ya ramani ambayo inchi sita zake ni sawa na maili moja ya ardhi, hata kila shamba na kila ua huonekana. Karatasi moja ilitosha eneo la maili sita za mraba. Watoto walitembea kwa miguu pamoja na mwalimu wao, wakaandika herufi moja juu ya kila shamba: A kwa ardhi ya kulimwa, M kwa majani ya malisho, F kwa msitu, H kwa nyika, G kwa bustani, na W kwa ardhi isiyotoa mazao, kama vile viwanda na machimbo. Kisha herufi ziligeuzwa kuwa rangi: hudhurungi kwa mashamba, manjano kwa nyika, zambarau kwa bustani, na kadhalika. Makosa yalikuwapo, kwani mtoto ni mtoto. Kwa hiyo karatasi zilikaguliwa, na mahali palipobaki wazi palijazwa na wanafunzi wa vyuo vikuu na Bwana Stamp mwenyewe. Sehemu kubwa ya nchi ilikwisha kabla ya mwaka wa 1935.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939, meli za chakula zilizamishwa baharini, na ikawa lazima majani yapinduliwe yapandwe ngano na viazi. Lakini yapi? Ukilima palipo na maji au udongo mwembamba, umepoteza mbegu na jasho. Kamati za kilimo za majimbo zilizitumia ramani zile, na nyayo za wale watoto zikawasaidia watu kupata chakula.

Mwaka wa 1941 profesa alichaguliwa kuwa makamu wa mwenyekiti wa kamati ya Serikali juu ya ardhi ya mashambani, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1942. Wengi wa wajumbe, naye akiwa mmoja wao, walisema ardhi nzuri ya kilimo isichukuliwe kwa majengo bila sababu kubwa. Mjumbe mmoja, Profesa Dennison, alikataa: kwa maoni yake viwanda vingewaletea watu wa mashambani mishahara mizuri, na si haki kuwanyima. Hoja hiyo haikuwa ya kudharauliwa, na kijana yeyote asiye na kazi kijijini ataielewa.

Mwaka wa 1948 Bwana Stamp alitoa kitabu kikubwa kueleza matokeo ya kazi hiyo, na tangu 1952 hata 1956 alikuwa Rais wa Chama cha Wanajiografia wa Dunia. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1965. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alifariki huko Mexico City, alikokwenda kwa mkutano wa wanajiografia. Ramani zake sasa zimetiwa katika kompyuta, na wataalamu huzitazama wapate kujua ni wapi palipokuwa na majani ya asili ambayo leo hayapo tena.