Neno "moto" kwenye kioo kidogo: jinsi mfumo endeshi unavyochagua lugha

Wengi wetu tuliosoma Kilingala tunaukumbuka mfano huu: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Sasa tuchukue kifaa cha kutambua moshi, kile kinachotundikwa darini, chenye kioo cha mistari miwili na uwezo wa kutuma ujumbe kwa Wi-Fi. Kioo kikiandika MOTO, msemaji wa Kiswahili ataelewa na kukimbia. Msomaji wa Kilingala naye atakimbia, kwa kuwa king'ora kinalia, lakini kilichoandikwa mbele yake kinaweza kusomeka "mtu". Watu watamlaumu mtafsiri. Mara nyingi hana kosa: jambo lilikwisha kuamuliwa kabla hajaitwa, siku wahandisi walipochagua chipu na mfumo endeshi wake.

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya chuma na programu nyingine. Hugawa kumbukumbu, hupanga kazi ipi itangulie, huzungumza na kioo, na maikrofoni, na redio ya Wi-Fi. Katika kompyuta tunaujua kwa majina ya Windows au Linux, katika simu Android. Lakini siku hizi kuna kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya mita za umeme, kamera za mlangoni, vipimo vya maji na rauta, na hizo zina mifumo yake ambayo mtumiaji haioni kamwe.

Mtengenezaji ana njia tatu kubwa. Anaweza kuacha mfumo endeshi kabisa na kuandika programu moja inayozunguka bila kukoma. Kwa kipimajoto cha kawaida hilo latosha. Anaweza kuchukua mfumo mdogo wa wakati halisi, yaani unaoahidi kwamba kazi ya haraka itafanyika ndani ya muda unaojulikana. FreeRTOS, iliyoanza mwaka 2003, ni maarufu hapa: kiini chake huchukua takriban kilobaiti 6 hadi 12 tu. Zephyr, mradi uliozinduliwa na Linux Foundation mwaka 2016, huja na vitu vingi zaidi tayari, kama itifaki za mtandao na njia salama ya kusasisha. Au anaweza kuchukua Linux yenyewe, iliyopunguzwa kwa zana kama Buildroot au Yocto. Hiyo ni nyumba kubwa: inadai megabaiti kadhaa za kumbukumbu hata ikibanwa, na kwa raha inataka makumi.

Tofauti hiyo ya kilobaiti na megabaiti ndiyo inayotuhusu sisi watu wa lugha.

Turudi kwenye kioo. Vioo vingi vya bei nafuu, vya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja, hufuata chipu ya Hitachi iitwayo HD44780. Ndani yake herufi zimekwisha kuchorwa kiwandani. Katika toleo lake lililoenea sana kuna herufi za Kilatini zisizo na alama, kuna katakana za Kijapani, kuna baadhi ya herufi za Kigiriki, na nafasi 8 za kuchora herufi zako mwenyewe. Hesabu basi mahitaji ya Kilingala ukitaka kuandika toni ya juu: á, é, í, ó, ú, ɛ, ɔ, ɛ́, ɔ́. Ni 9. Kwa ujanja unaweza kuazima epsiloni ya Kigiriki iwe ɛ, zibaki 8 kamili, mradi usiandike herufi kubwa wala toni ya kushuka. Nimefurahia hesabu hiyo kama fumbo, lakini lugha ya taifa haipaswi kutegemea fumbo. Kiswahili kimeponea hapa kwa bahati tu: herufi zake zote zimo katika jedwali la Kiingereza, na hata ng' inaridhika na alama ya kawaida.

Kubadilisha kioo hakumalizi tatizo. Katika Unicode, ɔ́ si herufi moja bali mbili: ɔ, kisha alama ya toni inayopandishwa juu yake. Kwa usimbaji wa UTF-8 hizo ni baiti 4. Programu iliyoandikwa na mtu anayeamini kwamba baiti moja ni herufi moja itakata neno katikati, au itaweka toni pembeni ikielea peke yake. Kwenye Linux kazi ya kupanga alama juu ya herufi inafanywa na maktaba zilizokomaa kama HarfBuzz na FreeType, pamoja na fonti yoyote nzuri utakayoipakia. Kwenye mfumo mdogo hakuna anayekufanyia kazi hiyo kwa kawaida. Inawezekana, ila lazima mtu achague herufi moja moja, azichore, na azilipie kwa kumbukumbu.

Mtu atajibu kwamba hata Kinshasa watu huandika ujumbe bila ɛ wala toni na wanaelewana. Ni kweli. Lakini wao wamechagua hivyo kwa sababu muktadha unawatosha, na kesho wanaweza kuchagua vingine. Chipu ikikataa, hakuna aliyechagua.

Sauti nayo ina hesabu yake. Tuseme tunataka kinasa sauti cha kupeleka Idjwi kurekodi Kihavu, kisha kipeleke faili chenyewe kwa Wi-Fi kikirudi chuoni. Sauti ya sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja, hula baiti 32,000 kila sekunde. Chipu ya ESP32, inayopendwa kwa bei yake na Wi-Fi yake, ina kilobaiti 520 za kumbukumbu ya ndani. Ungeijaza yote kwa sauti, bila kubakiza nafasi ya kitu kingine, ungepata kama sekunde 16. Hivyo lazima sauti imwagwe kwenye kadi bila kuchelewa, na kadi ikisita kidogo tu panatokea pengo. Kwa mwanahabari pengo hilo halionekani. Kwa anayepima toni au urefu wa irabu, silabi imekwenda. Raspberry Pi Zero W ina megabaiti 512, kwa hiyo kadi inaweza kusita inavyotaka.

Ila Linux ina gharama zake, na porini ndipo zinapouma. Raspberry Pi Zero W hula karibu miliampea 100 hata ikikaa bure, huku ESP32 ikilala usingizi mzito chipu yake hula maikroampea 10 hivi. Linux huchukua makumi ya sekunde kuamka. Bibi ameanza kusimulia hadithi na taa bado inapepesa. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili zinaweza kuharibika, na sisi hatuhitaji kufundishwa kuhusu umeme kukatika. Tena kibao hicho hakina saa yenye betri: kikizimika mbali na mtandao, kinapoamka hakijui tarehe, na rekodi isiyo na tarehe ya kweli ni mzigo kwa mtunza kumbukumbu. Dawa zipo: moduli ya saa ya bei ndogo, betri ya akiba, sehemu ya mfumo isiyoandikwa kamwe. Ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa kinasa sauti, basi, ningechagua Linux bila kusita. Kwa kengele ya moshi au kipimo cha maji cha kukaa miaka kwa betri, ningechagua Zephyr, na ningepigania kioo cha nukta badala ya kile cha herufi zilizochorwa kiwandani.

Kuna swali jingine ambalo wengi hulisahau: nani atakitunza kifaa baada ya miaka 5? Google ilitoa Android Things rasmi mwaka 2018, na Januari 2022 huduma yake ikazimwa. Arm ilitangaza mwaka 2024 kwamba mfumo wake wa Mbed utafikia mwisho Julai 2026. Kifaa kisichosasishwa ni mlango wazi. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha, na katika mashambulizi ya aina hiyo mwaka huohuo mtandao wa kampuni ya simu ya Liberia ulilemewa. Anayechagua mfumo aulize kwanza utasasishwaje, na kama sasisho likikatizwa njiani kifaa kitarudi kwenye toleo la zamani au kitakufa.

Njia hiyohiyo ya kusasisha ndiyo itakayopitisha lugha. Maneno ya kifaa yakiwa yamechanganywa ndani ya programu, kuongeza Kitshiluba ni kuandika programu upya na kuijaribu upya. Yakikaa kwenye jedwali lake, kila ujumbe na namba yake, Kitshiluba kitafika kama faili dogo, na mwanafunzi wa kitivo chetu anaweza kulijaza bila kumsumbua mhandisi. Leseni za FreeRTOS na Zephyr zinaruhusu kampuni ifunge jedwali hilo isimwonyeshe mtu. GPL ya Linux inaidai ifungue kiini, lakini programu za juu yake, ambamo maneno hukaa, zinaweza kubaki zimefungwa. Hilo linaandikwa kwenye mkataba wa ununuzi, na mkataba huo kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa.