Kanuni Inayofika Hadi Ghalani

Msimu wa pamba ukifunguliwa, mkulima wa Shishiyu, wilayani Maswa, hupeleka pamba yake kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), karani akaipandisha kwenye mizani na kusoma kilo. Ada ya shule na deni la dawa vyote vinategemea namba hiyo. Ndiyo maana mizani ile inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika.

Sheria ya Vipimo ilitungwa na Bunge mwaka 1982. Lakini wabunge hawawezi kukaa Dodoma wakijadili kila aina ya mizani, ada ya uhakiki, au namna ujazo unavyoandikwa kwenye kichupa cha kiuadudu ambacho mkulima huyohuyo hukinunua dukani. Mambo hayo Sheria humwachia Waziri mwenye dhamana ayatungie kanuni, na Ibara ya 97(5) ya Katiba inaruhusu Bunge kukabidhi madaraka hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 nazo zimefuata njia hiyohiyo.

Hata hivyo, madaraka hayo ni ya kukabidhiwa, na yana mipaka. Sura ya 1, yaani Sheria ya Tafsiri ya Sheria, inasema kanuni ikipingana na sheria mama, ni batili pale inapopingana. Lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kisha iwasilishwe bungeni ndani ya siku sita za vikao vinavyofuata. Hapo Kamati ya Sheria Ndogo huipitia.

Kasoro ninayoiona ni kwamba ukaguzi huo huja baada ya kanuni kutangazwa, na mara nyingi imeshaanza kutumika. Kama ada iliyowekwa haikuwa halali, mwenye duka ameshailipa, na huenda ameshaiongeza kwenye bei. Hayo ndiyo yanayonifanya nisisitize wananchi washirikishwe kabla Waziri hajatia saini, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 2021 hiyo ndiyo lugha ya sheria zetu.

Ofisa akikuambia dukani au ghalani kwamba “kanuni mpya inasema hivi”, mwulize kwa adabu: ni Tangazo la Serikali namba ngapi, la mwaka gani? Kanuni iliyotungwa kihalali ina namba hiyo. Tamko la jukwaani halina.