Risasi Isiyo ya Risasi

Lugha ya Kiswahili hulitumia neno "risasi" kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo siku hizi twaijua zaidi katika betri za magari. Maana ya pili ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Waliolipokea neno hili kutoka Kiarabu hawakuona haja ya kuzitenga maana hizo, kwa kuwa kitu cha pili kilitengenezwa kwa kile cha kwanza. Leo maana hizo zimeanza kuachana, na mahali pa kuliona jambo hilo waziwazi ni katika maonyesho makubwa ya biashara ya bunduki za michezo na uwindaji.

Maonyesho mawili ndiyo mashuhuri zaidi. Ya kwanza ni IWA ya Nuremberg, Ujerumani, yaliyoanza mwaka 1974. Ya pili ni SHOT Show ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1979 katika mji wa St. Louis, na ambayo tangu mwaka 2010 makao yake ni Las Vegas. Huko hukutana wenye viwanda na wauzaji, zaidi ya watu 50,000 kwa mara moja. Mgeni huvutiwa kwanza na vitako vya mti wa mjozi, darubini za kulengea na mitutu iliyozungushiwa nyuzi za kaboni. Lakini badiliko lililo kubwa kuliko yote limejificha ndani ya ganda, nalo ni aina ya metali inayorushwa.

Ili msomaji asichanganyikiwe, katika makala haya neno "risasi" litakuwa na maana ya metali tu. Kile kirukacho kutoka katika raifo tutakiita "kichwa", na zile punje ndogo za kuwindia ndege tutaziita "marisau".

Sifa za risasi

Wahunzi wa zamani hawakuichagua risasi kwa kubahatisha. Huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo hata moto wa kuni waweza kulifikia. Ni laini, kwa hiyo haiukwaruzi mtutu. Na zaidi ya yote ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3. Kipimo hicho cha masi kwa kila ujazo ndicho wanafizikia wanachokiita densiti, na ndicho kiini cha jambo lote.

Kitu kirukacho hushindana na hewa. Kani ya hewa inayokizuia hutegemea upana wa uso wake, bali uwezo wake wa kuendelea na mwendo hutegemea masi yake. Kwa hiyo, vitu viwili vikiwa na upana sawa na mwendo sawa, chenye masi kubwa zaidi ndicho kitakachofika mbali kikiwa bado na nguvu. Tuchukue mfano wa punje ya marisau yenye kipenyo cha milimita 3. Ikiwa ni ya risasi, masi yake ni kama gramu 0.16. Ikiwa ni ya feleji, ni gramu 0.11 tu. Tofauti hiyo, ijapokuwa ni ndogo machoni, ndiyo iliyoiweka risasi katika enzi yake kwa karne nyingi.

Sumu katika firigisi

Ndege hawana meno. Bata humeza changarawe, nazo hukaa katika firigisi zikisaga chakula. Katika ziwa lililowindwa kwa miaka mingi matope hujaa marisau, na bata hawezi kuipambanua punje ya risasi na changarawe. Akiisha kuimeza, punje hiyo husagwa, huyeyushwa na asidi, kisha huingia katika damu. Mwili huidhania kuwa ni kalisi, ukaipokea hata katika mifupa na neva. Ndege hudhoofika, mabawa yake hulegea, naye hufa pasipo jeraha.

Ndege walao mizoga hupatwa kwa njia nyingine. Kichwa cha risasi kinapompiga mnyama hupasuka vipande vingi, vingine vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Picha za eksirei zimevionyesha vipande hivyo ndani ya nyama, umbali wa zaidi ya sentimita 15 kutoka penye jeraha. Tumbusi alaye matumbo yaliyoachwa porini humeza sumu hiyo pia. Huko California, mwaka 1982 kondori walikuwa wamebaki 22 tu. Baada ya kuzalishwa chini ya ulinzi na kurudishwa porini, sumu ya risasi imekuwa ndiyo sababu kuu ya vifo vyao.

Binadamu hayumo nje ya hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, maana ubongo wao ungali unakua.

Kwa sababu hizo sheria zilianza kubadilika. Mwaka 1991 Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata na mabata bukini nchini kote. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 1997 pekee hatua hiyo iliwaokoa bata wapatao milioni 1.4. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na mwezi Aprili 2024 ikavikataza pia vichwa vya risasi vya raifo katika uwindaji. California iliikataza risasi katika uwindaji wa kila namna kuanzia Julai 2019. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliyakataza marisau hayo katika maeneo ya majimaji kuanzia Februari 2023.

Feleji, bismuthi na tungsteni

Kuiondoa risasi ni jambo moja, na kuijaza nafasi yake ni jambo jingine. Feleji ni rahisi na haina sumu hiyo, lakini ni nyepesi na ngumu. Ili punje ya feleji iwe na masi ya ile ya risasi yenye milimita 3, yapasa iwe na kipenyo cha kama milimita 3.4. Punje zikiwa kubwa, zinazoenea katika ganda moja huwa chache zaidi, na tena hazina budi kurushwa kwa mwendo mkubwa zaidi. Isitoshe, mdomo wa mtutu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Risasi iliyo laini hujikunja na kupita hapo salama, bali feleji haikunjiki na yaweza kuutanua mtutu wa zamani. Ndiyo sababu bunduki nyingi mpya za Ulaya zina alama ya ua la yungiyungi, kuonyesha kwamba mtutu umepimwa kwa marisau ya feleji yenye nguvu kubwa.

Kwa wenye bunduki za kale ipo bismuthi, yenye densiti ya 9.8. Ni laini kuliko feleji, ila huvunjika upesi, na kwa hiyo huchanganywa na bati. Tungsteni ndiyo bingwa wa uzito: densiti yake ni 19.3, na marisau yaliyotengenezwa kwayo hufikia kama 18. Punje yetu ya milimita 3 sasa ingekuwa na gramu 0.25. Kampuni ya Federal ilipoyatoa marisau ya namna hiyo mwaka 2018, wawindaji wa bata mzinga waliweza kutumia bunduki ndogo za .410 ambazo hapo awali zilidhaniwa kuwa hazifai kwa kazi hiyo. Tatizo ni bei yake iliyo kubwa mno.

Kichwa kirefu na mtutu wa kusokota

Katika raifo mbadala mkuu ni shaba, yenye densiti ya 9.0. Kichwa cha shaba kikitakiwa kiwe na masi na upana wa kile cha risasi, hakuna budi kiwe kirefu zaidi. Na kitu kirefu kirukacho hupinduka kwa urahisi, isipokuwa kikizungushwa kwa kasi, kama pia ya watoto isimamavyo kwa kuzunguka. Mtaalamu wa hisabati wa Kiingereza, George Greenhill, alilionyesha jambo hili mwaka 1879: kadiri kichwa kinavyorefuka, ndivyo mifereji ya ndani ya mtutu inavyopasa kusokotwa kwa karibu zaidi.

Hapo msomaji ataelewa kwa nini raifo nyingi mpya zina mitutu iliyosokotwa hivyo. Risasi aina ya 7mm PRC, iliyotolewa na Hornady mwaka 2022, hutaka mtutu unaokamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 8. Nia ya wabunifu wake ilikuwa kutumia vichwa virefu vinavyokata hewa vizuri, lakini mtutu uo huo huvifaa vichwa vya shaba.

Mfano mwingine ni 21 Sharp ya Winchester, iliyokuwa miongoni mwa vitu vipya vya maonyesho ya Las Vegas ya Januari 2025. Ile .22 Long Rifle tuijuayo ni ya mwaka 1887. Kichwa chake kina upana sawa na ganda, na mkia wake umepunguzwa ili uingie ndani. Umbo hilo huifaa risasi laini, lakini huwatatiza watengenezaji wanapotumia metali ngumu. Katika 21 Sharp upana wa kichwa umepunguzwa hadi kama milimita 5.3, kikaingia chote katika ganda. Kwa hiyo metali zisizo risasi zinaweza kutumika bila taabu.

Yatuhusuyo sisi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, bali Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, na wageni huja na silaha zilezile zionyeshwazo Nuremberg na Las Vegas. Tumbusi wetu, ambao wamekwisha kupungua sana, hula kilichoachwa na wageni hao. Huko Botswana utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba zaidi ya tumbusi 3 katika kila 10 waliopimwa walikuwa na risasi nyingi katika damu kupita kiasi cha kawaida, na hali hiyo ilihusiana na uwindaji. Aidha, Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika mkataba wa mwaka 1995 wa kuwahifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuyaondoa marisau ya risasi katika maeneo ya majimaji.

Basi vitu mbadala vipo, na fizikia yake inaeleweka. Ni rahisi kwa mtoa leseni kuuliza kichwa kilichomo katika ganda ni cha metali gani, kama anavyouliza idadi ya wanyama. Na mahali ambapo risasi ingali inatumika, mchuna nyama na aikate na kuifukia nyama yote iliyo karibu na jeraha, asiwape watoto wala mbwa, wala asiiachie tumbusi.