Miti ya Webuye Inatoa Nini Hewani?

Abiria wa basi la Malaba miaka ya 1980 hakuhitaji kibao cha kumwambia kwamba Webuye iko karibu. Harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper ilimpokea njiani. Kiwanda kilichemsha vipande vya mbao pamoja na kemikali zenye salfa ili nyuzi za karatasi zijitenge, na katika kuchemka huko zilizaliwa gesi ambazo pua huzinasa hata zikiwa kidogo mno. Mwaka 2009 mitambo ilisimama, na wengi wakaona kwamba hewa ya mji imesafika na hadithi yake imeisha.

Kwa mwanakemia, hadithi ndiyo kwanza inaanza. Mikaratusi iliyopandwa mipakani mwa mashamba kutoka vilima vya Chetambe hadi Kitale, pamoja na misonobari ya mashamba ya misitu, hutoa mivuke yake yenyewe bila kiwanda chochote. Msonobari hutoa terpeni, ndiyo ile harufu ya utomvu. Mkaratusi hutoa terpeni pia, lakini wakati wa jua kali hutoa kwa wingi gesi nyingine, isoprini, ambayo huwezi kuinusa ukiwa shambani. Mwanasayansi Guivi Sanadze aliigundua ikitoka kwenye majani huko Tbilisi, Georgia, mwaka 1957. Leo inakadiriwa kwamba mimea ya dunia nzima hutoa takribani tani milioni 500 za isoprini kila mwaka. Inaaminika kwamba gesi hii hulisaidia jani kustahimili joto la ghafla.

Kuipima kunahitaji subira. Mtafiti hulifunika tawi kwa mfuko angavu wa plastiki maalumu isiyotoa harufu, kisha hupuliza ndani hewa iliyochujwa. Halafu husubiri, kwa kuwa jani lililoguswa vibaya au kuchubuka hutoa mivuke kupita kawaida yake na kuharibu hesabu yote. Tawi likishatulia, pampu ndogo huvuta hewa ya mfukoni na kuipitisha kwenye mrija wa chuma wenye urefu wa kidole, uliojazwa unga unaonasa mivuke. Mrija huzibwa, huandikwa saa na joto, na kupelekwa maabara. Mfuko ukifunikwa kitambaa cheusi, isoprini hukatika muda si mrefu. Terpeni za msonobari huendelea kuvuja hata gizani, maana mti umeziweka akiba kwenye utomvu. Mwishoni tawi hukatwa, na majani hukaushwa na kupimwa uzito, kwa sababu jibu hutolewa kwa kila gramu ya jani kavu kwa saa.

Kazi ya namna hii imeshafanyika Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo chao Wundanyi, wamepima mivuke ya mimea katika milima ya Taita na nyanda kavu zilizo chini yake.

Isoprini ikishatoka haikai. Mchana hukutana na haidroksili, chembe inayozaliwa na mwanga wa jua, ozoni na unyevu, na ambayo haimalizi hata sekunde moja kabla ya kushambulia kitu. Baada ya hapo mambo hutegemea kama kuna oksidi za nitrojeni hewani. Zikiwa haba, kama ilivyo juu ya msitu mkubwa ulio mbali na watu, mabaki ya isoprini huendelea kuvunjika bila kuzalisha ozoni ya maana. Zikiwa nyingi, jua hukamilisha kazi na ozoni hujengeka karibu na ardhi, pale inapochoma mapafu na kudhoofisha majani ya mazao, maharagwe yakiwa miongoni mwa yanayoumia upesi.

Hapa ndipo Webuye inaponitia wasiwasi. Barabara kuu ya kwenda Uganda inapita mjini na malori yake ya dizeli, yanayotoa oksidi hizo. Kuuzunguka mji kuna mahindi, na mahindi ya Bungoma na Trans Nzoia hayaendi bila mbolea ya DAP ya kupandia na ya CAN ya kukuzia. Sehemu ya nitrojeni hiyo hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa gesi ya nitriki oksidi, mojawapo ya oksidi hizo hizo. Mtafiti Jonathan Hickman na wenzake waliipima katika mashamba ya mahindi ya Yala, Siaya, na mwaka 2017 wakachapisha kwamba gesi haiongezeki sambamba na mbolea. Sisemi mkulima aache mbolea. Bila hiyo gunia halijai. Ninachosema ni kwamba mti na mbolea hukutana hewani, na tunavipanga kana kwamba havijuani.

Serikali inataka miti bilioni 15 iwe imepandwa kufikia mwaka 2032. Huko Borneo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba mashamba ya michikichi hutoa isoprini nyingi kuliko msitu wa asili uliokatwa kuyapisha, na watafiti wakaonya kuhusu ozoni iwapo oksidi za nitrojeni zitaachwa zipande. Kwa hiyo swali la mti gani upandwe wapi ni swali la hewa pia, pamoja na maji na mbao.

Kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya kimekuwepo tangu 1999, lakini kiko zaidi ya mita 3,600 juu, mbali na mahindi na malori. Ningependa kuona mirija ile ikifungwa kwenye mikaratusi ya Chetambe mwezi Mei, CAN ikiwa imetoka kumwagwa shambani, na kipimo cha ozoni kikiwa katikati ya maharagwe. Saa ya kuanzia iwe saa saba unusu mchana, wakati setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2017 inapopita ikisoma formaldehaidi, mojawapo ya mabaki ya isoprini, ili namba za angani na za shambani zilinganishwe siku hiyo hiyo.