Mwanao akija na kitabu cha mwenzake, usimgombeze

Kyela. Mvua za masika zinapokolea mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hujaa na njia za kwenda shule hukatika. Mbu nao huongezeka. Mtoto akilala na malaria siku nne tu, anarudi darasani anakuta wenzake wameshavuka sura nzima ya Hisabati.

Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kurudia somo kwa mmoja mmoja. Msaada wa kwanza mara nyingi hutoka kwa aliyekaa naye dawati moja, anayepita jioni na kitabu mkononi na kumwonyesha walipofika.

Tatizo huanzia nyumbani. Mzazi akiona kitabu chenye mhuri wa shule, anawaza atakavyolipishwa kikichanika au kulowa. Anaamuru kirudishwe kesho yake asubuhi, au anakifungia kabatini. Mwingine anamkataza mwanawe kumwazima jirani, akiamini mtoto wa mwenzake atafaidika kwa jasho la wa kwake.

Hofu hiyo inaeleweka. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na mwaka 2022 utaratibu huo ulifika kidato cha tano na sita. Vitabu vya kiada, vinavyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), mtoto hutumia bure, lakini hubaki mali ya shule. Lengo ni kila mwanafunzi awe na chake. Hata hivyo, katika shule nyingi kitabu kimoja bado husomwa na watoto wawili au zaidi. Kikikaa kwa mmoja, wengine wanabaki mikono mitupu.

Kitabu bila wa kukueleza

Kuna sababu nyingine ya watoto kusoma pamoja. Mwaka 1996 watafiti waligawa vitabu vya bure katika shule 25 za msingi magharibi mwa Kenya, eneo la Busia na Teso, kisha wakalinganisha matokeo na shule ambazo hazikupewa. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa wastani alama hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu mojawapo ni lugha: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu.

Mzazi wa Kyela anaijua hali hiyo. Mtoto anazungumza Kinyakyusa na bibi yake, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anakabidhiwa kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza. Akipata mwenzake aliyeelewa, akamweleza kwa lugha wanayochezea mpira, ukurasa ule unafunguka. Anayeeleza naye hapotezi. Kumfundisha mwingine humlazimisha kupanga upya alichokisoma, na hapo ndipo hugundua asichokielewa.

Njia hiyo si ngeni nchini. Jarida la Fema, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa jina la Femina, lilipelekwa bure katika shule za sekondari, likapita mkono kwa mkono na kujadiliwa katika klabu za wanafunzi. Mambo ya Ukimwi, mimba za utotoni na kubalehe, ambayo kijana huona aibu kumuuliza mzazi, aliyasoma na rafiki zake.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, muulize mtoto kitabu ni cha nani na kinarudi lini. Andika kwenye daftari jina la mwenye kitabu na siku ya kukirudisha, na fanya hivyo pia cha kwenu kinapoazimwa. Ugomvi mwingi kati ya majirani hutokana na kusahau.

Pili, kifunike jalada kwa karatasi ngumu na ukiweke mbali na maji. Msimu huu wa mvua, ndoo yenye mfuniko iliyo juu ya meza hulinda vitabu kuliko begi lililotundikwa chini ya bati linalovuja.

Tatu, wasome mapema, kabla giza halijaingia. Kusomea mwanga hafifu huchosha macho na kuumiza kichwa, ingawa hakuyaharibu moja kwa moja. Hatari kubwa ya kibatari ni moshi unaovutwa na moto unaoweza kuunguza nyumba. Kama hakuna umeme, taa ndogo ya sola ni salama zaidi. Jioni ikiingia wakae ndani, na usiku walale kwenye chandarua.

Nne, mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kituo cha afya apimwe malaria. Amalize dozi hata akijisikia nafuu siku ya pili. Kitabu kitamsubiri mpaka apate nguvu.

Tano, tumia simu uliyonayo. Vitabu vya kiada vya TET vinasomeka bure katika Maktaba Mtandao, ol.tie.go.tz. Simu moja ya mzazi inaweza kuwasaidia watoto watatu wanaosoma pamoja kibarazani.

Na kitabu kikiharibika, nenda shuleni ukaseme mapema. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya kitabu kilicholowa atajifunza kukificha, na hatakiazima tena.

Leo mwanao ndiye anayepeleka kitabu kwa jirani. Siku atakayolala yeye na homa, kuna atakayemkumbuka jioni na kupita kumwonyesha walipofika.