Ufunguzi wa Kiitaliano wafaa chipukizi wa sataranji Eastleigh

WATOTO wengi wanaoanza kujifunza sataranji, au chesi kama mchezo huo unavyojulikana mitaani, hukimbilia mtego mmoja: kumtoa malkia mapema ili kummaliza mpinzani kwa hatua nne. Mtego huo huwanasa wageni pekee. Mpinzani akishajua kumlinda askari wake wa e5 kwa farasi, kisha kusogeza askari mwingine hadi g6, malkia hubaki kufukuzwa huku na huku ilhali kete nyingine zimelala.

Kwa mtoto wa Eastleigh, mfano wa kumwelewesha kasoro hiyo u karibu. Jamii ya Wasomali, iliyokita mizizi katika mtaa huo wa Nairobi, ina mchezo wa jadi uitwao shax. Kila mchezaji hupanga kete zake 12, wakipokezana, kabla ya yeyote kuruhusiwa kusogeza hata moja. Aliyepanga vibaya hujutia baadaye. Ufunguzi wa sataranji ni kazi iyo hiyo ya kupanga, ila hapa adui hangoji mtu amalize.

Ufunguzi unaofundisha kazi hiyo vyema zaidi ni ule wa Kiitaliano, ambao Gioachino Greco aliunakili katika maandishi yake miaka ya 1620.

Mweupe humsogeza askari aliye mbele ya mfalme hadi e4, na mweusi hujibu kwa e5. Farasi mweupe huruka hadi f3 akimtishia askari huyo. Farasi mweusi hutoka hadi c6 kumlinda. Ndipo askofu mweupe huteleza hadi c4. Sasa njia i wazi kwa mfalme kujificha: kwa hatua moja yeye huenda g1 na ngome ikaruka hadi f1.

Askofu huyo huukodolea macho mraba wa f7, ambao mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Hapa ndipo chipukizi wengi huangamia. Mweusi akimtoa farasi wake wa pili hadi f6, farasi mweupe aweza kurukia g5, na f7 ikashambuliwa mara mbili. Kwa kawaida mweusi humziba askofu kwa askari wa d5. Askari huyo akiliwa, asiwe na pupa ya kulipiza kwa farasi wa f6, kwani farasi mweupe atajitoa mhanga pale f7 na kumburura mfalme hadi katikati ya ubao. Afadhali farasi wa c6 aende a5 kumtishia askofu.

Wanaopenda utulivu humjibu askofu kwa askofu, pale c5, naye mweupe husogeza askari wake hadi c3 na d3. Waitaliano waliuita mtindo huo mchezo wa polepole. Magnus Carlsen aliutumia ufunguzi wa Kiitaliano mwaka 2016 jijini New York, katika mchezo wa tano wa kutetea ubingwa wa dunia dhidi ya Sergey Karjakin, nao ukaisha sare.