Zile Rangi Chini ya Maandishi ya Cheki

Vikundi vingi vinavyouza mahindi au maziwa kwa pamoja hulipwa kwa hundi, au cheki kama tulivyozoea kusema. Ikiletwa, macho yote hukimbilia kiasi cha pesa na sahihi. Karatasi yenyewe hakuna anayeiangalia. Tunawaomba waweka hazina waziangalie pia zile rangi hafifu zilizo chini ya maandishi, kwa maana hazikuwekwa kama mapambo.

Hebu tuone zinavyochapwa. Kwa kawaida kila rangi huwa na bamba lake na sanduku lake la wino. Kwa karatasi ya hundi, mchapaji aweza kutia wino wa rangi mbili au tatu, kando kwa kando, ndani ya sanduku moja. Rola zinazobeba wino huzunguka na pia kusogea kidogo kushoto na kulia, basi rangi huchanganyika pale zinapokutana. Fuata mstari mmoja mwembamba kwa kidole: unaanza buluu, unageuka kijani polepole, halafu manjano, wala huoni mahali pa kiungo. Ni kama upinde wa mvua.

Ufundi huu wa rangi nyingi si wa juzi. Ivan Orlov wa Urusi, miaka ya 1890, alitengeneza mashine iliyokusanya rangi zote kwenye bamba moja kwanza, ndipo zikapigwa kwenye karatasi mara moja tu. Noti ya rubo 25 ya mwaka 1892 ilichapwa hivyo.

Taabu yote hii ya nini? Ni kwa sababu mashine ya fotokopi haina kijani wala zambarau yake. Hutengeneza kila rangi kwa vitone vidogo vidogo vya wino wa aina chache. Kwa macho matupu unaweza kudanganyika kabisa, lakini chukua kioo cha kukuzia maandishi. Mstari halali ni mzima. Wa kuigiza umekatika vitone.

Kuna na wale wanaoiba cheki halali, wafute jina la kikundi waandike lao. Ndiyo maana wino wa chini mara nyingi ni ule unaotoka kwa maji, kwa dawa, hata kwa raba. Aliyefuta jina hufuta na rangi, pakabaki doa jeupe. Inua karatasi kwenye mwanga, utaliona.

Na msiseme ati hiyo ni kazi ya benki. Tangu 2011 benki za Kenya hutumiana picha ya hundi, karatasi haisafiri tena. Benki ya mnunuzi huona picha tu. Wanaoishika karatasi ni ninyi na benki yenu.

Lakini rangi nzuri hazisemi kama kuna pesa kwenye akaunti. Kitabu cha cheki kilichoibwa kina rangi zilezile. Kwa hiyo magunia yasitoke stoo mpaka benki iseme pesa zimeingia, hata kama lori la mnunuzi liko mlangoni na dereva anapiga honi. Mkiona doa au vitone, mwambieni mnunuzi alipe kwa njia nyingine. Kama ameshaondoka, mwonyesheni meneja wa benki yenu karatasi hiyo kabla ya kuiweka.